Fundi na Volti Tano

Gari likikataa kuwaka, wengi wetu huanza kushuku vitu vikubwa: betri, stata, pampu ya mafuta. Mwenye haraka anakuwa ameshapiga simu maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, kuulizia bei ya injini ya mtumba. Fundi umeme aliyeiva huanza na kitu kidogo mno, tena kisichoonekana kwa macho. Anataka kujua kama volti tano zipo mahali pake.

Ninawaheshimu mafundi bodi wanaonyoosha bati mpaka usijue gari liligongwa wapi, na mafundi injini wanaosikia valvu moja inayogonga kati ya kumi na sita. Lakini kazi ninayoweza kuitazama kutwa bila kuchoka ni ya fundi umeme anayetafuta ugonjwa kwenye laini inayolisha sensa. Kwa nje haina mvuto wowote. Mtu ameinama, mita mkononi, kimya. Anachomoa soketi, anairudisha, anaandika namba kwa kalamu ya blu juu ya boksi la spea. Mteja aliyekaa pembeni haoni kazi inayofanyika.

Kwanza volti zenyewe. Betri ya gari, ikiwa imejaa na kutulia, husoma kama 12.6. Injini ikiwaka, alteneta huipandisha hadi 14 na ushei. Stata ikizunguka, inashuka hadi 10, na betri iliyochoka hushuka hata chini ya hapo. Umeme unaopanda na kushuka hivyo unatosha kuwasha taa na kupiga honi, lakini haufai kupimia kitu. Kwa hiyo ndani ya kompyuta ya injini, ile ambayo gereji nyingi huiita kontroli boksi, kuna saketi ndogo yenye kazi moja: kuupokea umeme huo unaoyumba na kutoa volti 5 zisizotikisika. Hizo ndizo zinazopelekwa kwenye sensa.

Sensa nyingi za injini zina nyaya tatu. Mmoja unaleta volti 5. Wa pili ni ethi, na ethi hii haiishii kwenye bodi ya gari kama ile ya taa. Inarudi kwenye kompyuta yenyewe. Wa tatu unabeba taarifa, yaani volti ambazo kompyuta itazigeuza kuwa kiasi throto ilivyofunguka, mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi, au mguu wa dereva ulivyokanyaga pedali. Sensa za joto la maji na joto la hewa hutosheka na nyaya mbili, kwa kuwa kwao waya unaoleta umeme ndio huohuo unaosomwa.

Waliopanga utaratibu huu walifikiri mbali. Sensa haikuruhusiwa kuzitumia volti zote tano. Ikiwa nzima, taarifa yake hucheza takriban kati ya 0.5 na 4.5. Nafasi inayobaki chini na juu imeachwa makusudi, ili waya ukikatika au ukipiga shoti, kompyuta ione 0 au 5 na itambue kwamba hapo hakuna habari ya injini, kuna ugonjwa. Tena kipimo kilichomo ndani ya kompyuta kwa kawaida kinategemea volti 5 zilezile. Zikishuka kidogo, tuseme hadi 4.9, sensa na kipimo vinashuka pamoja, na jibu linabaki lilelile.

Historia ya kompyuta kutegemea sensa si ya jana. Bosch ilileta mfumo wa D-Jetronic mwaka 1967 kwenye Volkswagen 1600, ukikadiria petroli kwa kupima mgandamizo wa hewa kwenye manifoldi. Marekani ikalazimisha misimbo ya hitilafu ya aina moja, OBD-II, kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Misimbo hiyo ndiyo inayotokea kwenye mashine ya kupimia, na ndiyo inayowapoteza wengi.

Inawapoteza kwa sababu kompyuta haitoi laini ya volti 5 kwa kila sensa. Inatoa moja, mbili au tatu, kisha kila laini inagawanyika ndani ya kifungu cha nyaya na kuhudumia sensa kadhaa. Ni kama nyumba ya wapangaji yenye luku moja: pasi ya mpangaji wa chumba cha uani ikipiga shoti, giza linaingia mpaka kwa mwenye nyumba, na hakuna ajuaye ni pasi ya nani mpaka vitu vichomolewe kimoja kimoja.

Laini ikiangushwa na sensa moja, sensa zote zilizo juu yake zinanyamaza kwa mpigo. Chomeka mashine, nayo itakuorodheshea: sensa ya throto iko chini, ya MAP, yaani ile ya mgandamizo wa manifoldi, iko chini, ya pedali iko chini. Asiyejua anaisoma orodha hiyo kama orodha ya manunuzi. Anayejua anatafuta ndani yake P0641, P0642 au P0643, ambayo inazungumzia laini ya kwanza ya volti 5, au P0651, P0652 na P0653 za laini ya pili. Akiikuta mojawapo, anaziweka kando zile nyingine zote. Sensa zinazolalamikiwa humo huenda zote ni nzima.

Toyota, ambazo ndizo zimejaa barabara zetu, zina tabia ya ziada. Kwenye michoro yao laini hii huandikwa VC, na ethi ya sensa huandikwa E2. Katika nyingi, VC ikipiga shoti na ethi, kompyuta yenyewe inazimika pamoja na sensa zake. Unaweka swichi ON, na taa ya cheki injini, ambayo ilipaswa kuwaka pale na kusubiri injini iwashwe, haiwaki kabisa. Mashine nayo haipati mawasiliano. Miongozo ya ukarabati ya Toyota inalieleza jambo hili waziwazi, lakini miongozo haisomwi na kila mtu, na kompyuta nyingi zimewahi kutangazwa kuwa zimekufa kwa dalili hiyo. Zilikuwa zimekabwa tu. Ukichomoa sensa yenye shoti, taa inawaka palepale kwenye dashibodi, na hata mtu asiyejua chochote kuhusu magari anaelewa kwamba kitu kimetokea.

Fundi ninayemfikiria ninapoandika haya ana kibanda upande wa Ilala, na vijana wawili wanaojifunza kwake. Siku moja aliletewa gari dogo na mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge. Lilikuwa likizima njiani, likipoa linawaka. Kabla ya kufika hapo alikuwa ameshauziwa sensa ya throto na sensa ya MAP kwingineko, na gari bado lilikuwa likizima.

“Mwanangu, mimi nimechoka kununua.”

“Leo hununui kitu, mama. Nipe ufunguo, na unipe muda.”

Aliweka swichi ON bila kuwasha injini, akatazama dashibodi. Taa ya cheki injini iliwaka vizuri. Akaingiza sindano nyembamba nyuma ya soketi ya sensa ya MAP, kwenye pini ya ulishaji, na nyingine kwenye pini ya ethi, akabana mita. Ilisoma 5.01. Wengi wangeishia hapo na kusema laini ni nzima. Yeye aliiacha mita palepale, akaiegemeza kwenye kioo cha mbele ili aione akiwa popote, akawasha injini na kuiacha ingurume. Kisha akauliza swali ambalo, kwa maelezo ya mama, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

“Likizima huwa umewasha AC?”

Mama alimtazama kwa mshangao. “Sasa Dar hii, mwanangu, nani hawashi AC?”

AC ikawashwa. Jua lilikuwa la saa saba. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea, na hapo ndipo ninapoona tofauti ya fundi na fundi, maana kukaa mbele ya namba isiyobadilika bila kugusa kitu kunahitaji moyo. Kisha namba ikatikisika: 5.01, 4.96, 4.99. Ikaanguka hadi 0.4. Injini ikazima.

Kijana mmoja alinyoosha mkono kuzima swichi. “Usiguse, dogo. Ugonjwa upo sasa hivi.”

Swichi ikabaki ON. Akaanza kuchomoa. Soketi ya throto: mita ikabaki 0.4. Ya pedali, chini ya usukani: 0.4. Ya MAP, sindano zikiwa bado zimekaa upande wa nyaya: 0.4. Kila mara macho yake yalikuwa kwenye mita, wala si kwenye kile alichokuwa akichomoa. Sensa zilipoisha kwenye injini, alifungua mchoro kwenye simu, akaukuza kwa vidole, akaifuata laini ile hadi pale inapogawanyika. Tawi moja lilikwenda mbele ya gari, upande wa rejeta, kwenye sensa ya mgandamizo wa gesi ya AC.

Nani angedhani kwamba kitu cha AC kitazima injini? Lakini Nissan nyingi, na magari ya kampuni nyingine kadhaa, huilisha sensa hiyo kutoka kwenye laini ileile ya volti 5 inayolisha sensa za injini. Akapenyeza mkono nyuma ya grili, akabonyeza kufuli la soketi, akaichomoa. Mita: 5.01.

Vijana walishangilia, yeye hakushangilia. Aliirudisha soketi, namba ikaanguka. Akaichomoa, ikapanda. Akarudia tena. Kwake ugonjwa haujathibitika mpaka aweze kuuleta na kuuondoa kwa mkono wake mwenyewe. Na hata hapo alikuwa bado na swali: ni sensa, au ni soketi? Akaikagua soketi kwa tochi. Kavu, pini zinang’aa, hakuna kutu ya kijani. Akapima ukinzani kati ya pini ya ulishaji na ya ethi kwenye sensa ikiwa bado na joto, akakuta ohmu chache tu. Sensa ilipopoa, ohmu zikapanda sana. Ndipo akamwita mama na kumwambia anunue nini. Sensa zake mbili za mwanzo, ambazo hazikuwa na kosa lolote, zilikuwa zimeshatupwa.

Huu ulikuwa ugonjwa mpole, kwa sababu namba ilianguka na kila mtu akaiona. Kazi inayonivutia zaidi ni ile ambayo namba haianguki.

Mita ya kidijitali imetengenezwa isiuguse umeme inaoupima. Ndani yake kuna ukinzani wa kama megaohmu 10, kwa hiyo kwenye volti 5 inavuta nusu ya maikroampea, ambayo ni sawa na kutovuta chochote. Hilo ni jema, lakini lina mtego. Waya uliobakiwa na unywele mmoja wa shaba, au pini iliyovimba kutu, bado unaweza kupitisha nusu ya maikroampea bila shida. Mita itasoma 5.00, fundi atasema umeme upo, na sensa ikichomekwa na kuanza kuvuta miliampea zake kadhaa, volti zinaishia njiani. Mtu atabadilisha sensa, kisha kompyuta, na 5.00 zitaendelea kumdanganya kila anapopima soketi ikiwa tupu.

Dawa ya fundi wa Ilala ni kifaa alichokitengeneza mwenyewe: rezista ya ohmu 470, nyaya mbili laini, sindano mbili, na mpira wa kubana kwa moto juu ya maungio. Ukikiweka kati ya ulishaji na ethi ya soketi, kinavuta miliampea 10 na ushei, karibu na kiasi ambacho sensa ya kweli ingevuta. Sasa mita haina pa kudanganyikia. Ikiwa kuna pini iliyoongeza ohmu 200 njiani, zile 5.00 zinageuka 3.5 mbele ya macho yako. Ikiwa laini ni nzima, zinabaki 5 au pungufu kwa nukta zisizo na maana. Kifaa chenyewe thamani yake haifiki ya soda. Nimekiona kikining’inia kwenye msumari pamoja na funguo za gharama, na ndicho ambacho vijana wake hawaruhusiwi kukiazimisha.

Mafundi wa zamani walifanya kazi hii kwa taa ya balbu yenye ncha na klipu, na kwa fyuzi, honi na taa hakuna kifaa bora kuliko hicho. Kwa soketi ya sensa ni mwiko. Balbu ya wati 5 ikiwa baridi inavuta mkondo mwingi kuliko sensa zote za laini hiyo kwa pamoja. Inaweza kuiangusha laini na kukuonyesha ugonjwa ambao haukuwepo, au kuitia kompyuta ugonjwa wa kweli.

Kuna adabu ya mkono pia. Sindano huingia kwa nyuma ya soketi, kando ya waya, pale mpira mdogo wa kuzuia maji unapoubana, na huingia taratibu mpaka iguse chuma. Haichomwi kwenye ngozi ya waya. Tundu la sindano halionekani, lakini Dar, Mombasa na Unguja hewa ni ya chumvi, na unyevu ukiingia kwenye shaba kupitia tundu hilo, baada ya miezi kadhaa waya unakuwa unga wa kijani ndani ya ngozi iliyo nzima kabisa kwa nje. Wala ncha nene ya mita haisukumwi kwenye uso wa soketi. Pini za kike zina ulimi mwembamba wa kukumbatia pini ya kiume. Ukiupanua, hautakumbatia tena, na gari litaondoka gerejini na ugonjwa ambao halikuja nao. Fundi huyu ana boksi la pini za kiume alizozitoa kwenye soketi mbovu, za kila ukubwa. Akitaka kujua kama pini ya kike bado inashika, huchukua inayolingana, huiingiza na kuivuta polepole, akisikiliza kwa vidole kama inakataa kidogo kutoka.

Upande wa ethi unasahauliwa na wengi kwa sababu ethi inadhaniwa ipo tu. Yeye huipima injini ikiwa inanguruma, taa zimewashwa, AC na feni zinafanya kazi, gari zima likiwa na njaa ya umeme. Waya mmoja wa mita kwenye ethi ya sensa, mwingine kwenye nguzo hasi ya betri, na mita imewekwa kwenye milivolti. Ikisoma milivolti 50 au pungufu, anaendelea na mengine. Ikisoma 300, ameshapata mahali pa kuanzia. Ethi ya sensa ikipanda, taarifa zote zinapanda nayo. Kwa sensa ya joto la maji, volti kubwa maana yake baridi, kwa hiyo kompyuta inaamini injini ni ya baridi kuliko ilivyo na inaongeza petroli. Mwenye gari analalamika linakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi, na kosa ni waya wa ethi uliokuwa umefungwa vizuri fundi injini aliposhusha giaboksi, ukaachwa umelegea alipoipandisha. Waya wa sensa hiyo ukikatika kabisa, mashine inaonyesha nyuzi 40 chini ya sifuri. Hilo angalau halimdanganyi mtu yeyote wa Kariakoo.

Kinyume cha laini kuanguka pia hutokea: laini ya volti 5 inapata volti 12. Chanzo mara nyingi ni kifungu cha nyaya kilichosuguana na kipande cha chuma mpaka nyaya mbili zikagusana, au panya aliyelala juu ya injini yenye joto na kutafuna. Mara nyingine ni mkono wa binadamu. Magari yetu yanaongezewa vitu vingi baada ya kununuliwa: alamu, vifaa vya kufuatilia gari, kamera, redio. Matatu za Kenya zina vidhibiti mwendo tangu kanuni za enzi za waziri John Michuki zilipoanza kusimamiwa mwaka 2004. Kila kifaa kinatafuta waya wa kudandia chini ya dashibodi, na si kila anayefunga huuliza waya huo unakwenda wapi. Fundi wa Ilala akiona tepu nyeusi isiyo ya kiwandani, hukaa hapo kwanza kabla ya kwenda popote. Ikiwa imelegea na kuwa gundi kwa joto, anaifungua yote. Anaporudishia, anaunga kwa risasi, anapitisha mpira wa kubana kwa moto, na maungio ya nyaya jirani hayaweki usawa mmoja, ili hata mpira ukichakaa yasikutane.

Ana vipimo vingine ambavyo havihitaji kuchomoa kitu. Asubuhi, kabla injini haijawashwa, anasoma kwenye mashine joto la maji na joto la hewa. Gari lililolala usiku kucha linatakiwa kusema kitu kimoja kwa vyote viwili, na kitu hicho kiwe joto la mtaani. Kisha anasoma sensa ya MAP injini ikiwa haijawaka. Kwa wakati huo hakuna kinachonyonya hewa, kwa hiyo sensa inapaswa kutaja mgandamizo wa hewa ya mahali gari liliposimama. Dar es Salaam, usawa wa bahari, ni kilopaskali 100 hivi. Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, ni kama 83. Gari linalosoma 83 likiwa limeegeshwa Ilala lina jambo la kueleza, hata kama halijawasha taa yoyote. Nilipomsikia akimfundisha kijana hili nilifurahi sana. Anga lote la jiji lilikuwa limefanywa kifaa cha gereji, tena bila malipo.

Malipo ndiyo shida ya kazi hii. Mteja huelewa bei ya spea, maana anaishika mkononi. Haelewi bei ya saa mbili za kutazama mita. Vyuo vya ufundi vya VETA vinafundisha umeme wa magari, na vijana wanatoka huko wakijua sheria ya Ohm, lakini gerejini wanakuta anayebadilisha sensa tatu kwa kubahatisha analipwa vizuri kuliko anayethibitisha kwamba hakuna sensa hata moja iliyoharibika. Nadhani hapa wenye magari tuna lawama kuliko mafundi. Fundi wa Ilala amelimaliza jambo hilo kwa kutaja bei ya kupima kabla hajagusa boneti, iwe atabadilisha kitu au hatabadilisha. Wapo wanaoondoka kwa hasira. Mama wa vitenge alilipa bila kuuliza, kisha akawaleta ndugu zake wawili na magari yao.

Kompyuta yenyewe fundi huyu huishtaki mwisho kabisa. Kuna nyakati saketi ya ndani imeungua kweli na volti 5 hazitoki, lakini ili aseme hivyo lazima kwanza achomoe kila sensa iliyo kwenye laini, apime umeme unaoingia kwenye kompyuta na ethi zake zote zikiwa na mzigo, kisha autenge waya wa volti 5 kwenye soketi ya kompyuta na kupima pini ikiwa peke yake. Pini ikiwa haitoi kitu na yote mengine ni mazima, anakubali. Anafanya hivyo kwa kusitasita, kwa sababu anajua kinachofuata: kompyuta ya mtumba, na katika magari mengi kazi ya ziada ya kuioanisha na ufunguo ili imobilaiza iruhusu injini iwake. Humwandikia mteja kwenye karatasi volti alizokuta na pini alizopima, pamoja na namba kamili iliyobandikwa kwenye kompyuta ya zamani, na kumsisitiza asikubali nyingine hata muuzaji akiapa, kwa sababu kompyuta za gari la aina moja huweza kutofautiana tarakimu moja tu na zisiingiliane.